Shift imekufa

Simu iliita saa 11 alfajiri, wiki ya kwanza ya muhula, bado tunakimbizana na usajili na bumu halijaingia. Ukiona jina la mtu wa nyumbani kwenye simu saa kama ile, moyo unatangulia kabla ya mkono. Nilipokea nikiwa nimeshakaa kitandani.

"Shikamoo mamdogo. Kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Shift imekufa."

Nikashusha pumzi. Shift, ile ya kwenye kibodi! Basi hakuna msiba. Nilikaa na amani hiyo kama nusu dakika hivi, mpaka alipoendelea kunieleza kwamba msiba upo, marehemu anazikwa leo mchana, na Shift imemharibu sura.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mimi kwetu ni Kifungilo, juu kule Lushoto. Ukitaja Kifungilo, watu wengi hapa chuoni wanaijua shule ya wasichana ya masista, basi. Lakini kuna watu wanaoishi pale mwaka mzima, pamoja na ukungu wake, kabichi zake na ile baridi ya mwezi wa saba inayomfanya mtu wa Dar aulize kama kweli bado yuko Tanzania. Mamdogo ni mmoja wao. Tangu sijazaliwa ni fundi cherehani. Baadaye, akiwa ameshapita miaka 40, alinunua kompyuta ya mtumba na printa ya wino, akaviweka kwenye kibanda kilekile: cherehani upande huu wa dirisha, kompyuta upande ule. Fotokopi, barua za maombi ya kazi, kadi za michango ya harusi na vijitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu juu, wasifu wake na ratiba ya siku ndani.

Kuhariri picha nilimfundisha mimi, likizo ya mwaka wa kwanza. Sikujua kufundisha, nilikuwa naonyesha tu, tena haraka, kama tunavyoonyeshana huku kwenye maabara. Yeye akanisimamisha. Akatoa daftari la kaunta, lile lenye jalada gumu, akasema, "Sema polepole, naandika."

Natamani ningekuwa nalo hapa mlione. Ikoni zote alizipa majina yake mwenyewe. Kuna "kisanduku cha vidoti", kuna "mkasi", kuna "kile cha dawa ya macho", maana kweli kale kachombo ka kuchukulia rangi kanafanana na kidondoshea cha hospitali. Kila kazi ina ukurasa wake na hatua zake zina namba. Ukurasa wa picha za watu aliuita "Hatua za Uso", na hatua ya nne ilikuwa hivi: *Vuta kwa kona, si kwa ubavu. Shika SHIFT. USIACHIE mpaka uachie kipanya kwanza.* Hilo neno USIACHIE alilipigia mistari miwili.

Kwa asiyejua kazi hizi: picha ukiivuta ili ikue, inaweza kukua kwa urefu na upana kwa pamoja, au ikavutika upande mmoja na mtu akawa kama anajitazama kwenye kijiko. Kwa programu aliyokuwa anatumia, Shift ndiyo iliyokuwa inalinda uwiano. Shika Shift, uso unabaki uso.

Alifanya kazi kwa daftari lile mwaka mzima na zaidi. Mwanzoni alikuwa analifungua kila mara, baadaye akawa analiweka tu pembeni, na mwishowe halifungui kabisa. Nilipokwenda likizo iliyofuata nilimkuta anapunguza picha huku anabishana na mteja kuhusu bei ya zipu ya gauni, hata kibodi haitazami. Nilijisikia vizuri kweli, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake kafaulu.

Na likizo hiyohiyo ndiyo nilipoharibu.

Kulikuwa na kile kidirisha kinachojitokeza kwenye kona ya chini: toleo jipya lipo tayari, sasa au baadaye? Mamdogo miezi yote alikuwa anabonyeza "baadaye" kwa heshima, kama mtu anayemwambia muuza karanga "sitaki, asante". Mimi nikaona ni ushamba. Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka nikanunua bando, nikawasha mtandao wa simu, nikabonyeza "sasa". Nikasubiri mpaka ikaisha, nikaifungua, nikaona inang'aa, ikoni zimekuwa nyembamba na za kisasa. Nikafunga. Alfajiri nikapanda gari kuteremka Mombo, nina furaha zangu, najiona nimemwachia mama yangu zawadi.

Programu yenyewe siitaji, maana kosa halikuwa lake. Aliyebonyeza ni mimi, tena kwenye kompyuta ya mtu mwingine, tena bila kumwambia.

Siku tatu alitoa fotokopi tu. Siku ya nne jioni ikaja kazi ya msiba: mzee mmoja aliyekuwa anaishi Korogwe miaka yote, analetwa nyumbani kuzikwa. Vijitabu 120, jalada la rangi. Umeme ukakatika saa 2 usiku, ukarudi saa 6. Mamdogo akakaa, akafuata mikono yake: kona, Shift, usiachie. Toleo jipya lilikuwa limegeuza kanuni. Sasa picha inalinda uwiano yenyewe, na ukishika Shift ndiyo unaifungulia ivutike inavyotaka. Yeye akavuta mpaka picha ikajaa vizuri kwenye fremu yake, bila pengo. Uso wa mzee hakuuzoea. Akachapa vijitabu vyote 120.

Kijana wa marehemu alikuja kuchukua kabla hakujapambazuka. Akamulika jalada kwa tochi ya simu, akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Dada, huyu si baba. Huyu ni baba mdogo."

Marehemu alikuwa mtu mwembamba, uso mrefu. Kwenye jalada alikuwa amepata mashavu, na kwa mashavu yale alifanana kabisa na mdogo wake. Huyo mdogo wake alikuwa hai, amekaa msibani pale chini ya turubai, na baada ya saa chache angegawiwa kijitabu chenye sura yake, kimeandikwa kuzaliwa na kufa.

Mnaweza kucheka. Mimi pia nimecheka, lakini baadaye sana. Kule kwetu hilo si jambo la kuchekwa siku ya mazishi.

Nilijaribu kumwongoza kwa simu. Ilinichukua muda hata kugundua tatizo ni nini, maana mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaligusa toleo lile kwa kazi ya kweli. Nilipolijua nikamwambia, "Mamdogo, usishike Shift. Acha kabisa."

"Daftari linasema nishike."

"Najua. Lakini sasa usishike."

"Wewe ndiye uliyesema nisiachie."

Nilikosa la kusema. Akavuta bila Shift, uso ukakaa sawa, lakini wino wa rangi ulikuwa umeishia kwenye mashavu ya baba mdogo. Akapanda bodaboda na fleshi mfukoni kwenda Lushoto mjini, kwa fundi mmoja wa steshenari ambaye mimi nilikuwa namtania miaka yote. Kompyuta ya yule kaka haijawahi kuonja intaneti. Programu yake ni ya zamani kiasi kwamba niliwahi kumwambia anafanya kazi makumbusho. Alinijibu, "Mdogo wangu, mimi nakula kwa mikono, sili kwa macho." Nilidhani ni maneno tu.

Faili la mamdogo liligoma kufunguka kwake. Limehifadhiwa na toleo jipya, la zamani halilisomi. Ikabidi apokee picha kutoka kwenye simu na kulitengeneza jalada upya tangu mwanzo. Alilimaliza kwa muda ambao mimi ningekuwa bado natafuta menyu. Kufikia ibada walipata majalada 70. Vijitabu 50 viligawiwa bila jalada, kurasa za ndani tu. Mamdogo alirudisha malipo ya awali yote, na fundi akamlipa kutoka kwenye pesa ya sare za shule.

Baada ya kisa hiki nilianza kusoma, nikagundua kwamba jambo lenyewe lina historia. Photoshop, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1990, kwa miaka mingi ilikuwa na kanuni ileile ya daftari la mamdogo: shika Shift kulinda uwiano. Oktoba 2018 likatoka toleo lililoitwa CC 2019, na kanuni ikageuzwa. Picha na maandishi vikawa vinalinda uwiano vyenyewe, Shift ikawa ya kuvunja. Ajabu ni kwamba maumbo ya kuchora yaliachwa kwenye kanuni ya zamani, kwa hiyo ndani ya kazi moja ulihitaji kukumbuka umeshika kitu cha aina gani ndipo ujue Shift itafanya nini. Hayo ya maumbo yalikuja kulinganishwa kwenye toleo la mwaka uliofuata. Ctrl+Z nayo ikabadilika siku hiyohiyo. Zamani ukiibonyeza mara moja inarudi nyuma hatua moja, ukibonyeza tena inarejesha ulichofuta, na wachoraji walikuwa wanaitumia kupepesa: kabla, baada, kabla, baada, kuona kama badiliko lina maana. Kuanzia hapo kila ukibonyeza ikawa inazidi kurudi nyuma.

Sasa, nataka niwe mkweli. Kanuni mpya ni nzuri. Mara nyingi ukivuta picha unataka uwiano ubaki, kwa nini ushike kitufe kwa jambo unalolitaka kila mara? Kama mamdogo angeanza kujifunza leo, daftari lake lingepungua mstari mmoja na mzee wa watu angezikwa na uso wake. Waliobadilisha si wajinga, na pengine waliona maelfu ya picha zilizovutwa ovyo na wanafunzi wa siku ya kwanza wakasema basi.

Tatizo ni nani analipa. Anayeanza leo anapata wepesi wa bure. Anayelipa ni yule aliyekwisha kulipa, aliyekaa usiku na daftari mpaka kanuni ikashuka kutoka kichwani ikaingia vidoleni. Na kitu kikishaingia vidoleni, hukioni tena. Mamdogo hakusahau hatua ya nne, wala hakukosea. Aliifanya sawasawa kabisa, na kufanya sawasawa ndiko kulikomponza. Mwanafunzi mgeni angekuwa anatazama skrini kwa wasiwasi, angeona mashavu yanakua. Fundi hatazami, ameshaamini mkono wake.

Kingine kilichonikera ni jina. Wenye Photoshop waliweka njia ya kurudi kwenye kanuni ya zamani. Mwanzoni ulitakiwa utengeneze kijifaili cha maandishi kwa mkono na kukiweka mahali pake, na baadaye, mwaka 2019, wakaweka kisanduku cha kutia alama kwenye mipangilio. Kisanduku hicho kimeandikwa "Legacy". Yaani urithi. Jana ilikuwa ndiyo namna ya kufanya kazi, leo ni urithi, na wote tunajua urithi unaachwa na nani.

Mwenzangu wa chumbani anasoma mambo ya usalama wa mitandao, na nilipomsimulia aliniambia mimi ni hatari kwa jamii. "Usimwambie mtu asiapdeti," alisema. Akanikumbusha Mei 2017, WannaCry ilipofunga kompyuta duniani kote, hospitali za Uingereza zikiwemo, wakati kiraka cha kuizuia kilikuwa kimeshatolewa tangu Machi. Waliopona ni waliokubali kusasisha. Sina cha kumbishia hapo.

Ila nilimuuliza: kiraka cha mlango na mabadiliko ya Shift kwa nini vije kwenye gunia moja? Sisi watu wa Lushoto tunaijua lumbesa. Gunia linajazwa, halafu juu ya mdomo wake kunafumwa kichuguu cha viazi, na kichuguu hicho mkulima halipwi. Apdeti nyingi ni lumbesa iliyogeuzwa. Unataka gunia la usalama, unabebeshwa na kichuguu: ikoni mpya, menyu iliyohamishwa, kitufe kilichogeuzwa maana. Huruhusiwi kusema nipimie gunia tu.

Na haya si ya wachoraji peke yao. Wakubwa wetu waliokuwa ofisini 2007 watawaambia kilichotokea menyu za Word zilipoondolewa na utepe kuwekwa mahali pake, na faili za docx zikawa hazifunguki kwenye Office ya zamani mpaka upakue kiongezo. Windows 8 ilipotoka 2012 bila kile kitufe cha kuanzia, watu walilalamika mpaka kikarudishwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo kulalamika kunasikika wakati mwingine, nadhani kama walalamikaji ni wengi na wako kwenye masoko yanayohesabika. Kwa kibanda cha cherehani Kifungilo, sijui malalamiko yangepelekwa wapi. Mamdogo aliyaleta kwangu.

Maneno yake makali hayakunihusu mimi, na ndiyo maana yaliniuma. Alisema, "Nilijua tu haya ni mambo ya watoto." Wiki tatu hakuigusa kompyuta. Aliifunika kwa kitambaa akarudi upande wa cherehani. Wateja wa kadi akawa anawaelekeza Lushoto. Mdogo wangu alikuwa ananipa taarifa kwa ujumbe: leo kafuta vumbi, leo kawasha akazima.

Likizo ya Desemba nilikwenda nimejiandaa kuomba msamaha, nina hotuba kabisa. Hakuitaka. Alinipa chai, akanionyesha cherehani yake, ile ya kanyagio aliyorithi kwa bibi, akaniambia, "Hii ina umri kuliko mama yako. Haijawahi kutokea mtu akaingia usiku akageuza kanyagio, ukikanyaga mbele inakwenda nyuma."

Nikamwambia tunaweza kurudisha toleo la zamani. Alifikiri kidogo akauliza kama toleo hilo halitageuka tena. Nikamwambia nikizima kujisasisha, halitageuka mpaka yeye mwenyewe aseme. Na hizo hatari za wezi wa mtandaoni? Tukakubaliana kompyuta ya kazi isiunganishwe na mtandao kabisa, picha ziingie kwa fleshi ambayo haiendi kwingine. Kwa hiyo tumeishia kulekule kwa kaka wa makumbusho. Nilimpitia mjini kumsalimia, naye kwa wema wake hakunikumbusha.

Halafu mamdogo akalifungua daftari. Nilidhani atalichana. Aligeuza mpaka ukurasa wa kwanza kabisa, uliokuwa mtupu, akaniuliza hiyo programu inaitwa toleo namba ngapi. Nikamtajia. Akaandika namba, akaandika tarehe, na chini yake: *Daftari hili ni la toleo hili tu.* Akafunga kalamu.

Nimefanya kozi za usanifu miaka mitatu na sijawahi kuandika namba ya toleo juu ya maelezo yangu hata siku moja.

Kazi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa kadi ya mchango wa harusi, picha ya maharusi wawili mbele ya kanisa. Nilikaa nyuma yake nikijifanya nasoma. Alishika kona, akashika Shift, akavuta kidogo, kisha akasimama. Akakodoa macho kwenye skrini, akawatazama maharusi mmoja mmoja. Akavuta tena kidogo. Akasimama tena.

"Bwana harusi ndivyo alivyo hivi?" akauliza.

Mteja akainama kuangalia. "Ndivyo alivyo, mama."

"Hana mdogo wake?"